Kigezo cha Matundu: Utayarishaji wa Vigezo vya Lesi Vinavyodumu katika Mwambao wa Rumonge

Lesi ya vijiti ni kitambaa chenye uwazi kinachotengenezwa bila kitanda cha mfumi na bila cherehani, kwa kupishanisha na kusokota nyuzi nyingi, kila uzi ukiwa umezungushwa kwenye kijiti chake chembamba cha mti au cha mfupa. Kazi hulazwa juu ya mto mgumu uliojazwa majani makavu au unga wa mbao, na mahali nyuzi zinapokutana huchomekwa pini, ili makutano hayo yasihame mpaka nyuzi zinazofuata ziyabane. Jozi mbili za vijiti hushikwa kwa wakati mmoja, na miendo ni miwili tu: kupishanisha, ambako kati ya nyuzi mbili za katikati ule wa kushoto hupita juu ya ule wa kulia, na kusokota, ambako katika kila jozi uzi wa kulia hupita juu ya mwenzake wa kushoto. Akipishanisha, akasokota, akapishanisha tena, fundi hupata sehemu iliyojaa kama kitambaa. Akipishanisha na kusokota tu, kisha akahamia jozi nyingine, hupata sehemu nyepesi inayopitisha mwanga. Miendo hiyo haimchukui mwanafunzi muda mrefu kuishika. Kinachoamua iwapo kazi itanyooka au itapinda kiko chini ya nyuzi, nacho ni kigezo, yaani kipande cha karatasi ngumu, cha ngozi au cha plastiki kilichotobolewa matundu yanayoonyesha mahali pa kila pini.

Kigezo si picha ya lesi, na wengi hukosea wanapokichukulia hivyo. Picha ikichakaa bado inaweza kusomeka, lakini tundu la kigezo hushika shina la pini na kulizuia lisiyumbe, kwa hiyo tundu lililopanuka kwa unywele mmoja huiachia pini ilale, pini ikilala nyuzi hulegea, na kasoro hiyo hurudi kila mchoro unaporudiwa. Mtu anayetengeneza mita moja ya lesi hatayaona madhara hayo. Anayetengeneza mita 20 juu ya kigezo kilekile atayaona, na mteja wake atayaona kabla yake. Kudumu kwa kigezo, basi, si suala la unadhifu wa kabati la fundi, bali ni sharti la kazi yenyewe kuweza kurudiwa.

Mji wa Rumonge, ulio kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, haujulikani kwa lesi. Unajulikana kwa mawese, kwa samaki aina ya ndagala na mukeke, na kwa Kiswahili chake, ambacho hapo na Nyanza-Lac, kama ilivyo katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ni lugha ya nyumbani na si ya sokoni tu. Hata hivyo kazi ya uzi wenye uwazi si ngeni kwa watu wa mwambao huo, kwa sababu wavu nao ni kitambaa ambacho thamani yake imo katika matundu, na anayetaka kufundisha lesi Rumonge hana haja ya kuanzia Ulaya. Anaweza kuanzia ufukoni.

Wavu unaofumwa kwa mkono huhitaji vyombo viwili: sindano pana ya mti, ya mfupa au ya plastiki inayobeba uzi, na kibao cha kipimo, yaani kipande chembamba ambacho uzi huzungushwa juu yake kabla ya fundo kukazwa. Upana wa kibao ndio unaotoa urefu wa upande mmoja wa jicho la wavu, na jicho linapovutwa mpaka likafumba, umbali kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili huwa ni pande mbili kwa pamoja. Kutokana na hesabu hiyo, kibao kilicholika kwa milimita 1 hulipunguza jicho kwa takriban milimita 2, na mfumaji hawezi kuligundua hilo kwa vidole, maana vidole vyake vinafanya kilekile vilichofanya mwaka uliopita. Ndiyo sababu vibao vizuri vilichongwa kutoka mti mgumu, pembe au mfupa, vitu ambavyo uzi unaokwaruza maelfu ya mara hauviathiri haraka. Na kwa kuwa sheria za uvuvi huhesabu ukubwa wa jicho ili samaki wachanga wapite, kibao kinacholika kinyemela humsogeza mvuvi kuelekea upande usio halali bila yeye mwenyewe kukusudia.

Katika miaka ya 1950 uvuvi wa ndagala upande wa Burundi ulibadilika: wafanyabiashara wa Kigiriki waliingiza meli za nyavu za kuzungusha, na mitumbwi miwili iliyounganishwa ikaanza kutumia wavu mkubwa unaozamishwa kisha kuinuliwa chini ya mwanga wa karabai. Nyavu hizo ni za kiwandani. Tangu hapo kipimo cha jicho, kwa sehemu kubwa, kilihama kutoka mikononi mwa mfumaji na kwenda kwenye mashine za mbali, na kazi iliyobaki ufukoni ikawa hasa ya kushonea palipochanika. Ushonaji huo una ustadi wake, tena mkubwa, lakini ni ustadi wa kufuata kipimo kilichokwisha kuamuliwa na mwingine. Hoja ya mhadhara huu iko hapo: katika kazi za uzi wenye uwazi, anayeshika kigezo ndiye anayeshika kazi, na aliyebaki na vidole peke yake hubaki kibarua hata kama vidole hivyo ni hodari.

Historia ya lesi yenyewe inaithibitisha hoja hiyo. Kitabu cha michoro ya lesi ya vijiti kiitwacho Le Pompe kilichapishwa Venice mwaka 1557, na kilionyesha sura ya lesi iliyokamilika, si matundu ya pini, kwa hiyo kila aliyekinunua alilazimika kujitengenezea kigezo. Baadaye, kazi ilipokuwa biashara kubwa katika Flanders na Ufaransa, vigezo vilitobolewa juu ya ngozi ya kuandikia, na mara nyingi havikuwa mali ya mwanamke aliyeketi na mto, bali mali ya mfanyabiashara aliyemkabidhi pamoja na uzi na kuvichukua tena kazi ilipokwisha. Katika lesi ya Brussels vipande vilitengenezwa na mafundi mbalimbali kisha vikaunganishwa na wengine, hivi kwamba fundi mmoja angeweza kufanya kazi miaka mingi bila kuushika mchoro mzima. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, Ubelgiji ilipokuwa chini ya Wajerumani, uzi uliingizwa nchini humo na lesi ikatolewa kupitia tume ya misaada iliyoongozwa na Herbert Hoover. Ilikuwa katika vita hivyohivyo, mwaka 1916, ambapo majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliitwaa Urundi, nchi ambayo Ubelgiji iliitawala mpaka tarehe 1 Julai 1962.

Utawala huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, ulifungua mjini Usumbura, Bujumbura ya leo, kituo cha kijamii ambako wanawake wa mjini walifundishwa kushona, kufuma sufu, kutia viraka, kupika na kulea watoto. Mengi yameandikwa kuhusu nia ya masomo hayo, ambayo ilikuwa kumjenga mke wa nyumbani zaidi kuliko fundi wa kujitegemea. Kwa mada hii inatosha kusema kwamba kufundishwa kushona juu ya mchoro uliokuja tayari na kufundishwa kuutengeneza mchoro ni masomo mawili, na lile la pili ndilo linalompa fundi uhuru.

Utayarishaji wa kigezo huanza na uzi, si na karatasi. Kila mchoro wa lesi umepangwa kwa unene fulani wa uzi: uzi mnene ukitumiwa kwenye matundu yaliyokaribiana, lesi hujaa na kuwa kama mkeka, uzi mwembamba ukitumiwa kwenye matundu yaliyoachana, lesi hulegea na kuporomoka mara itolewapo pini. Njia ya kuupima ni rahisi. Uzi huzungushwa kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana wala kupandana, mpaka ijaze sentimita 1, kisha mizunguko huhesabiwa. Ikiwa mchoro ulipangwa kwa uzi wa mizunguko 30 na uzi uliopo sokoni unatoa mizunguko 20, basi 30 hugawanywa kwa 20, jibu likawa 1.5, na mchoro hukuzwa kwa asilimia 150. Uzi wa cherehani wa poliesta hupatikana kila duka, lakini huteleza na haukai vyema baada ya pini kutolewa. Uzi wa pamba ambao wanawake huutumia kufumia vitambaa vya meza ni mnene zaidi na mtiifu zaidi, na kwa anayeanza ndio unaofaa, hata kama lesi itakayopatikana haitakuwa nyembamba kama ile ya Flanders.

Mchoro wenyewe unaweza kuchorwa kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Aina ya lesi iitwayo torchon, iliyo rahisi kuliko nyingi, huweka nukta zake zote kwenye gridi: nukta huwekwa kwenye makutano ya mistari kwa kuruka moja, na katika mstari unaofuata huwekwa pale paliporukwa, hivi kwamba nyuzi hupita mshazari kwa pembe ya digrii 45. Upande mmoja wa ukanda huwa umenyooka, kwa kuwa ndio utakaoshonwa kwenye nguo au shuka, na upande wa pili huachwa na mawimbi. Ukanda huo lazima uwe na marudio kamili ya mchoro, si marudio mawili na nusu, kwa sababu kigezo cha lesi ndefu huzungushwa kwenye mto wa mviringo na mwisho wake hukutana na mwanzo wake. Palipo na upungufu wa nusu nukta, kazi husimama. Kabla ya kutoboa chochote, karatasi huzungushwa ikawa bomba na miisho yake ikakutanishwa, na macho yatasema mara moja kama hesabu imelingana.

Nakala za mashine zinahitaji tahadhari ambayo mafundi wengi huipuuza. Mashine ya fotokopi huweza kuubadilisha ukubwa kidogo, na si lazima iubadilishe sawasawa kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo mraba wa mchoro wa asili hutoka ukiwa umevutwa upande mmoja. Dawa yake ni kuchora kwenye ukingo wa mchoro wa asili mstari wa sentimita 10 uliolala na mwingine uliosimama, kisha kuipima mistari hiyo katika kila nakala. Nakala ya nakala haifai kabisa, kwa maana kosa la kwanza halifutiki bali huongezwa juu yake kosa la pili.

Baada ya hapo huja swali la kitu cha kutobolewa, na hapa ndipo mwambao una masharti yake. Flanders ilitegemea ngozi ya kuandikia, yaani ngozi ya kondoo, mbuzi au ndama iliyolowekwa katika maji ya chokaa, ikanyolewa, ikakwanguliwa, kisha ikakaushwa ikiwa imewambwa kwenye fremu bila kudabagwa. Ngozi ya namna hiyo huvumilia pini kwa miaka mingi. Inashawishi kusema kwamba nchi ya ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziandikisha mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni usioshikika, haiwezi kukosa ngozi kwa ajili ya lesi, kwa kuwa ngozi ya ngoma nayo huwambwa mbichi. Ushawishi huo si wa kufuatwa. Ngozi ya ng'ombe inayofaa kupigwa kwa mirisho, yaani fimbo za ngoma, ni nene mno kutobolewa kwa sindano nyembamba, na ngozi yoyote isiyodabagwa hunywa unyevu wa hewa, ikavimba wakati wa mvua na kujikunja wakati wa kiangazi, jambo ambalo kando ya ziwa hutokea kila mwaka bila kukosa.

Chaguo lenye akili kwa Rumonge ni karatasi ngumu ya majalada ya ofisini, iliyobandikwa nakala ya mchoro kwa gundi isiyo na maji mengi, kisha ikafunikwa kwa plastiki nyembamba yenye gundi, ileile inayofunikia madaftari ya shule. Plastiki hiyo hufanya kazi tatu: huzuia karatasi isichanike kati ya tundu na tundu, huzuia jasho la mikono na unyevu, na huzuia wino usiguse uzi. Ikipatikana ya rangi ya buluu au kijani ni bora zaidi, kwa sababu uzi mweupe juu ya karatasi nyeupe huchosha macho haraka. Karatasi yenyewe ina mwelekeo wa nyuzinyuzi zake, na inaponyonya unyevu hutanuka zaidi kwa kukata mwelekeo huo kuliko kwa kuufuata; fundi huupata mwelekeo kwa kuikunja karatasi kidogo pande zote mbili, na upande inakokubali kukunjwa kwa urahisi ndio unaoonyesha kwamba mkunjo unafuata nyuzinyuzi. Ukanda hukatwa ili urefu wake ufuate mwelekeo huo, na marudio ya mchoro hayatahitilafiana sana kati ya Aprili na Julai.

Kutoboa ni kazi ya subira, nayo haifai kufanywa juu ya mto wakati lesi inaendelea, kama wafanyavyo wenye haraka. Sindano huchomekwa kwenye kishikio cha mti, ikiacha ncha fupi nje, na unene wake uwe sawa na wa pini zitakazotumika au pungufu kidogo, kamwe usizidi. Chini ya karatasi huwekwa kitu laini kinachokubali ncha kuzama, na mahali pasipo na gome la koki, soli ya kandambili iliyozeeka inatosha kabisa. Ncha huchomwa kwanza kwenye nta ya nyuki ili ipite bila kukwama, kisha hushikwa wima: tundu la mshazari huipeleka pini mshazari, na nukta iliyo sahihi juu huwa imekosea chini. Matundu ya ukingo ulionyooka hutobolewa kwa kufuata rula, kwa maana jicho la binadamu husamehe mengi katikati ya mchoro lakini halisamehe mstari uliopinda.

Alama za njia ya nyuzi huchorwa baadaye, kwa kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji. Kalamu ya risasi na kalamu ya kawaida ya shuleni huonekana safi siku ya kwanza, lakini huachia weusi wake kwenye uzi ulio na unyevu, na lesi nyeupe hutoka kwenye mto ikiwa na rangi ya majivu. Pini za chuma zenye kutu ni adui wa namna hiyohiyo. Palipo na hewa ya ziwa, pini za shaba ya njano ndizo za kununuliwa, na zisipopatikana, za chuma zikaushwe na zisiachwe kwenye kazi iliyosimama kwa wiki nyingi.

Kigezo kilichotengenezwa hivyo hakifai kuwa cha kwanza na cha mwisho. Fundi makini hutoboa viwili: kigezo mama, ambacho hakichomwi pini ya kazi hata mara moja, na kigezo cha kazi, kinachotumika mpaka kichoke. Cha kazi kinapochoka, kigezo mama hulazwa juu ya karatasi mpya na sindano hupitishwa katika matundu yake, au, kwa njia isiyokidhuru, karatasi nyembamba hulazwa juu yake na kusuguliwa kwa nta nyeusi mpaka matundu yajitokeze kama nukta nyeupe. Njia ya kusugua ni bora, kwa kuwa kupitisha sindano mara nyingi hukipanua hata kigezo mama. Kinachokatazwa ni kunakili kutoka kigezo cha kazi kilichochakaa, maana hapo ulegevu wa matundu yote hurithishwa kana kwamba ulikuwa sehemu ya mchoro.

Matumizi ya kigezo cha matundu hayaishii kwenye lesi. Kofia za mkono, ambazo Waislamu wa Rumonge huzivaa kama ndugu zao wa Zanzibar na Lamu, na ambazo huko Oman zina mwenzao aitwaye kumma, hupambwa kwa vitundu vidogo vilivyotobolewa na kuzungushiwa uzi, na mchoro wake ukichorwa kwa penseli juu ya kitambaa hufunikwa na kazi yenyewe, hivi kwamba kila kofia huchorwa upya. Karatasi iliyotobolewa kwa namna iliyoelezwa hapa inaweza kulazwa juu ya kitambaa na kupitishiwa unga laini wa mkaa uliofungwa katika kitambaa chepesi. Unga hupita katika matundu, nukta huunganishwa kwa penseli, na unga hupanguswa. Kwa mchoraji wa kofia hilo ni punguzo kubwa la muda, na pengine ndilo litakaloileta lesi Rumonge kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa soko la kofia lipo tayari na soko la lesi bado halijajengwa.

Vyuo vya ufundi na vikundi vya washonaji vya Rumonge, Minago na Nyanza-Lac vinaombwa, basi, vianze na kasha moja lisilopitisha unyevu, na ndani yake viweke kigezo mama cha kila mchoro kikiwa kimelazwa bila kukunjwa, kimeandikwa nyuma yake mwaka kilipotobolewa, idadi ya mizunguko ya uzi katika sentimita 1, idadi ya jozi za vijiti na urefu wa rudio moja kwa milimita. Kigezo mama kisitoke chuoni kwa mkopo wala kwa mauzo, na nakala yake apewe bila malipo kila mwanafunzi anayehitimu.